Mgonjwa wa Nchi Tatu: Sanduku la Bi Mkubwa

"Mgonjwa yuko wapi?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita: Bi Mkubwa mlangoni, sanduku mkononi, jasho shingoni, na swali hilo mdomoni. Ndani, mwanawe Cheche amesimama na kikombe cha chai kilichokwama katikati ya meza na midomo. Na mkewe, Mama Pacha, yuko kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli, anaunga kola za sare za shule. Mzima kabisa. Hata mafua hana.

Kwa aliyetukuta njiani nitasema kwa mkato, maana wenzake hawapendi kusubiri. Cheche ni mchomeleaji katika karakana ya kuunda mabodi ya mabasi. Mabasi anayoyachomelea huvuka mipaka. Yeye hajavuka hata mmoja. Tangu waoane mkewe anaomba kitu kimoja tu: safari ya wawili, nchi tatu, bila watoto. Fungate yao iliahirishwa kwa kuwa karakana ilikuwa na oda kubwa, na oda hiyo sijui ni ya mabasi ya kwenda mbinguni, maana mpaka leo haijaisha.

Sasa, hatimaye, tiketi zimekatwa. Treni hadi nchi ya kwanza, meli ya ziwani hadi ya pili, basi hadi ya tatu. Likizo imetolewa. Pacha, wasichana wa darasa la tatu, watabaki na bibi yao. Kila kitu kimekaa sawa, isipokuwa jambo moja ambalo Cheche alilijua peke yake.

Na jambo hilo ndilo lililoingia na sanduku.

Bi Mkubwa hakungoja kukaribishwa. Alimwendea mkwewe, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akamvuta kope la chini kama anayekagua samaki.

"Mwanangu," alisema, "na figo hizi bado unashona?"

"Figo gani, Mama?"

Bi Mkubwa akamtazama kwa huruma ya mtu anayejua kwamba wagonjwa huficha. Akaeleza. Alikutana sokoni na fundi viti wa karakana, yule anayeshonea mabasi viti, naye akampa pole ya mkwewe. Pole ya nini? Ya figo. Zimeoza, anapelekwa nje ya nchi, Meneja mwenyewe ameidhinisha. Bi Mkubwa alilia kuanzia kwenye nyanya mpaka kwenye vitunguu. Kisha akakata shauri. Hawezi kubaki na watoto huku mkwewe anakwenda kupasuliwa ugenini. Mgonjwa hasafiri bila mtu wa kumuuguza, na huyu mwanawe tangu mdogo hajui maji ya moto na ya baridi.

Amekwisha kupita hata kwa wakala wa tiketi. Wakala akamwambia nafasi zimejaa, ila jina kwenye tiketi linaweza kubadilishwa hadi siku moja kabla ya safari. Hilo la kubadilisha majina akalikataa, mume lazima awepo. Yeye atasimama hata mlangoni mwa behewa.

"Na watoto?" Cheche akauliza. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyekaliwa kifuani.

"Majirani wapo."

Cherehani ikanyamaza. Msomaji wangu, kama umewahi kuishi na mshonaji, unajua kwamba kelele za cherehani si kitu. Uogope ikinyamaza.

Mama Pacha alimgeukia mumewe. Hakupaza sauti. "Baba Pacha, nina ugonjwa gani?"

Cheche akaweka kikombe chini, akakosa meza, akakirudia. Ndipo akaanza kumwaga mtama.

Karakana ile hutoa likizo kwa mambo mawili tu: ugonjwa na msiba. Kupumzika hakumo. Sheria ya nchi inasema kumo. Tangazo la sheria hiyo limebandikwa ukutani karibu na choo, limepigwa rangi ya basi mpaka halisomeki. Ukienda kwa Meneja ukamwambia umechoka, atakuuliza umechoshwa na nini wakati mabasi unayaunda tu, huyaendeshi. Ndiyo maana wafanyakazi wanamwita Kufuli.

Mimi Kufuli namkumbuka akiwa karani wa lango, na suruali moja ya kijivu. Nina kumbukumbu ndefu, na wasomaji wangu wa zamani wanajua. Alikuwa akiandika waliochelewa huku yeye mwenyewe ameingia kwa kupitia ua wa nyuma. Leo ana gari lenye vioo vyeusi, na kila mwaka likizo yake huiita semina.

Basi Cheche alikwenda kwa mtu huyo akaomba likizo ya kutembea na mkewe. Akachekwa. Akaenda tena mwezi uliofuata, akachekwa mbele ya watu. Mara ya tatu akasema mkewe ni mgonjwa. Ugonjwa gani? Akachagua figo, kwa sababu figo hazionekani kwa nje. Meneja akauliza mbona nchi tatu kwa figo mbili. Cheche, ambaye akishikwa na woga hupata akili za ajabu, akajibu kwamba nchi ya kwanza ni ya kupimwa, ya pili ni ya kupasuliwa, na ya tatu ni ya kupona.

Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono akasogeza sare zilizotundikwa kwenye kamba. Nyuma yazo, ukutani, kulikuwa na karatasi ya kukatia mitindo, ile ya kahawia, na juu yake nchi tatu zimechorwa kwa chaki ya fundi kama vipande vya shati: mbele, mgongo na mkono. Alikuwa amezichora yeye mwenyewe. Kwenye kipande cha tatu, cha mkono, hapakuwa na mji wala njia. Pale walikubaliana hawatafanya lolote. Watalala mpaka jua liwachome.

"Kila usiku tumekaa hapa," alisema, "naweka pini, wewe unasema tupite huku, tupite kule. Kumbe mimi mwenzako nasafiri, wewe unanipeleka kupasuliwa."

"Ilikuwa njia ya kupata ruhusa tu, Mama Pacha."

"Ungejiuguza mwenyewe basi. Figo huna?"

Hapo hata mimi, ingawa ndimi ninayemwandika, sina la kumsaidia. Alikuwa na mwili wake mzima wa kuusingizia ugonjwa. Akachukua wa mwenzake.

Sasa macho yote yakamwendea Bi Mkubwa. Cheche alitegemea mvua ya maneno: wake wa siku hizi, kuacha watoto, anasa. Ndiyo maana alimficha hata yeye na kumwambia ni safari ya kikazi.

Bi Mkubwa akakaa juu ya sanduku lake. Wale pacha, waliokuwa wakichungulia kutoka chumbani, wakachoka kungoja, wakarudi kwenye michezo yao.

"Hili sanduku," alisema mwishowe, "hukuwahi kuuliza ni la nani."

Lilikuwa la marehemu mumewe, babake Cheche, mpiga ribiti wa karakana hiyohiyo, enzi ambazo mabodi ya mabasi yalishikwa kwa misumari ya ribiti na si kwa kuchomelea. Alilinunua mwaka alioahidiwa likizo. Mwaka ule likizo ikasogezwa hadi mwaka ujao. Mwaka ujao ukasogezwa mbele. Alipokufa lilikuwa chini ya kitanda, na ndani yake bado mna yale magazeti waliyojazia dukani ili lisibonyee. Na aliyekuwa akimrudisha pale langoni kila akiuliza, akimwambia jina lake bado halijashuka kutoka juu, alikuwa kijana mmoja wa suruali ya kijivu.

Bi Mkubwa akaingiza mkono kifuani akatoa pasi yake ya kusafiria. Kila inapoisha muda huenda kuibadilisha. Haijawahi kugongwa hata muhuri mmoja.

"Mimi kutembea kwenu hakuniudhi," alimwambia mwanawe. "Kinachoniudhi ni kwamba umekwenda kuiba kitu chako mwenyewe. Na umekiiba kwa mgongo wa mkeo."

Cheche akaufungua mdomo. Mlango ukagongwa.

Akachungulia dirishani, na rangi yote ikamtoka. Alikuwa amesahau. Karakana ile ina desturi yake: Jumamosi wakitoka kazini adhuhuri, huenda pamoja kumjulia hali mgonjwa wa mwenzao. Walikuwa uani kwa Cheche na ovaroli zao, fundi viti akiwa na mfuko wa machungwa, na fundi wa kupaka rangi, yule wanayemwita Rangi Mbili kwa sababu nywele zake hazikosi rangi ya basi la wiki hiyo. Mbele yao, akikanyaga kwa uangalifu asichafue viatu, alikuwa Kufuli.

Ndani ya chumba kile, jamani, mtu mzima alipiga magoti.

Alimwomba mkewe alale. Alale kidogo tu, kitandani, ajifunike, agune mara mbili. Watu wakiondoka amwadhibu atakavyo. Alimkumbusha treni. Alimkumbusha meli na ile nchi ya kulala. Alimkumbusha kwamba Kufuli akijua ameongopewa, likizo imekwenda na kazi imekwenda, na kesho pacha watakula nini? Kila alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Mama Pacha. Amesubiri miaka yote ile, na sasa ili asafiri anatakiwa kwanza alazwe.

Alimtazama mama mkwe wake. Bi Mkubwa hakusema alale wala asilale. Alinyanyuka tu kutoka kwenye sanduku, akaenda akafungua mlango.

Na Kufuli alipoingia na uso wake wa msibani, alimkuta mgonjwa wa figo yuko kwenye cherehani, mguu unakwenda, kola zinaanguka kikapuni moja baada ya nyingine.

"Pole na kazi, Meneja," Mama Pacha alisema. "Karibuni mkae. Viti ni vichache, wengine mtakaa kwenye marobota ya vitambaa."

Watu wakabanana. Machungwa yakawekwa juu ya meza yakakosa wa kuyapokea. Kufuli alizunguka chumba kwa macho: sanduku, sare, ramani ya chaki, Cheche anayejifuta magoti.

"Naona figo zimepata nafuu," alisema.

Mama Pacha akaondoa mguu kwenye pedeli. "Figo zangu hazina neno. Nimechoka, nataka kutembea na mume wangu. Hilo ndilo mlilokataa kulisikia, ndiyo maana mkaletewa figo."

Unajua ukimya wa karakana wakati umeme umekatika ghafla, mashine zote zimekufa na mtu anasikia pumzi yake? Ndio huo. Na aliyeuvunja hakuwa Kufuli. Alikuwa Rangi Mbili, kule nyuma, juu ya marobota.

"Mimi bibi yangu nimemzika mara tatu," alisema.

Wote wakageuka.

"Yule mzaa mama. Mara ya kwanza nilikwenda kumwona mke wangu amejifungua. Mara ya pili nililala tu. Ya tatu, ndiyo ile mliyonichangia sanda." Akakuna nywele zake za buluu. "Yupo. Jana alikuwa ananigombeza nimechelewa kula."

Mtu akacheka puani, akajizuia. Kisha fundi viti, mtu mpole asiyesema hata akichomwa sindano, akakiri kwamba ule mguu aliouvunja mwaka juzi haukuvunjika. Alijifunga plasta mwenyewe, akaenda harusi ya dadake, akacheza ngoma na ile plasta mpaka ikapasuka. Mwingine akaungama homa ya matumbo. Mwingine kifafa, na akaonyesha jinsi alivyokuwa akikifanyia mazoezi mbele ya kioo. Chumba kikawa kinacheka waziwazi, vicheko vya watu waliobeba mzigo mmoja miaka na miaka kila mmoja akidhani ni wake peke yake.

Nimeona mambo mengi, na nimesimama kwenye malango mengi yaliyofungwa. Nakwambia, pale ilibaki pumzi moja tu. Mtu mmoja angesema neno moja la kiume na Kufuli angetoka uani kinyumenyume.

Kufuli naye alilijua hilo. Hakukasirika. Aliungoja ule mcheko ufike mwisho, kisha akamgeukia Cheche, na sauti yake ilikuwa tamu kama dawa ya watoto.

Alisema kwamba mizaha ya Jumamosi yeye haisikii. Bibi wa mtu kufa mara ngapi ni mambo ya familia. Lakini likizo ya Cheche iko mezani kwake, imesainiwa, na yeye humsikiliza mfanyakazi wake, si watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo atauliza mara moja tu.

"Mkeo ni mgonjwa, au si mgonjwa? Kama mgonjwa, likizo yako ipo palepale, kama tulivyosema. Wiki zote. Kama si mgonjwa, Jumatatu usije."

Umeuona mtego? Kwa jibu moja watu wote waliosema kweli pale ndani wanageuka waongo. Kwa jibu la pili Cheche hana kazi. Rangi Mbili aliacha kukuna kichwa. Fundi viti aliangalia machungwa yake. Bi Mkubwa, mkono juu ya sanduku, alikuwa anamtazama mwanawe kama alivyokuwa akimtazama babake Cheche akirudi kutoka langoni.

Mama Pacha hakumwomba kitu. Alisema tu, polepole, "Sema, Baba Pacha."

Cheche akamgeukia Kufuli. Huyu ni mtu anayeshika moto wa kuyeyusha chuma bila kutetemeka. Huyu nimemsifu kurasa ngapi humu gazetini.

"Ni mgonjwa," alisema. "Homa ikimpanda, huyu... husema vitu asivyovijua."

Hakuna aliyecheka. Rangi Mbili alishuka kwenye marobota akatoka nje bila kuaga. Kufuli akatabasamu, akampapasa Cheche begani mara moja, kama mtu anavyompapasa ng'ombe aliyekamuliwa.

"Pole sana, shemeji," alimwambia Mama Pacha. "Mungu akuponye. Likizo ipo. Nimesema mbele ya watu wote hawa."

Mama Pacha akasimama. Akakunja kitambaa alichokuwa anashona, akakiweka juu ya mashine, akakifuta vumbi lisilokuwepo.

"Meneja amesema mbele ya watu, na wote tumesikia," alisema. "Na mume wangu amesema mimi mgonjwa. Mimi ni nani niwabishie wanaume wawili? Basi mimi mgonjwa." Akamgeukia mama mkwe wake. "Na mgonjwa hasafiri bila mtu wa kumuuguza. Si ndivyo ulivyosema, Mama?"

"Ndivyo nilivyosema, mwanangu."

"Na wakala amesema jina la tiketi hubadilishwa?"

"Hadi siku moja kabla ya safari."

Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kulishika sanduku. Aliliinua kwa mkono mmoja, jepesi vile, na ndani yake yale magazeti ya dukani yakachakarika.

Cheche aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, kama mtu anayesikia lugha ya nchi ya tatu. Akashika neno la karibu. "Na watoto je?"

"Watoto wana baba," Mama Pacha alisema. "Na baba ana likizo."

Fundi viti ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kukigeuza kikohozi, akashindwa, na kicheko kikaruka kutoka robota hadi robota hadi uani, ambako Rangi Mbili, aliyekuwa hajafika mbali, alikipokea. Kufuli aliangalia viatu vyake. Neno lilikuwa lake, na alilisema mbele ya watu.

Mama Pacha akaenda kwenye rafu akashusha mkebe wa vifungo, mahali tiketi zilipokuwa zikikaa tangu siku walipozikata. Akaufungua. Akaingiza vidole, akakoroga. Akaumwaga wote mezani, vifungo vyeupe vikatiririka katikati ya machungwa.

Tiketi hazikuwamo.

Asubuhi ile Cheche alizichukua kwenda karakana kumwonyesha Kufuli ushahidi wa safari ya matibabu, akaruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Hakuzirudisha. Wakati mkewe ameinamia vifungo, mkono wake ulipanda taratibu hadi kifuani, kwenye mfuko wa shati, ukaufunga kifungo chake. Kisha akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea mlangoni.

Mama Pacha akainua kichwa. Macho yake hayakwenda usoni kwa mumewe. Yalikwenda moja kwa moja kwenye ule mfuko, kwa sababu ni yeye aliyeushona, na alijua unavyokaa ukiwa mtupu.

Akauchukua mkasi.